Rekodi ni Mtoto wa Sheria: Funzo Kutoka kwa Mchezo wa Herufi Tisa

Utangulizi

Katika makala haya nataka tuuchungulie mchezo mmoja wa runinga wa huko Uingereza uitwao Countdown. Si kwamba cha mgeni ni kitamu kuliko chetu, la! Sababu ni kwamba chama chetu kimeazimia kuandaa shindano la herufi kwa Kiswahili wakati wa Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7. Tangu azimio hilo lipite hatujaelewana juu ya jambo moja: neno lipi lihesabiwe na lipi likataliwe?

Kuna wanaotaka tuuchukue mchezo wa Waingereza ulivyo. Kuna wanaotaka kila kinachosemeka kikubaliwe. Mkutano wa mwisho ulivunjika kengele ya chajio ilipolia, na bado watu walikuwa wanabishania neno “tulipenda”. Kwa kuwa siku hiyo zamu yangu ya kusema haikufika, naomba nitoe rai yangu kwa maandishi.

Hoja yangu ni moja tu. Rekodi ni mtoto wa sheria. Ukitaka kujua thamani ya alama alizopata mtu, uliza kwanza sheria zilizomzalia alama hizo. Nasi tukikosea sheria, mshindi wetu atabeba kombe lisilo na maana.

Mchezo wenyewe

Kituo cha Channel 4 kilipofunguliwa tarehe 2 Novemba 1982, kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa kilikuwa hiki. Hata hivyo, Waingereza hawakukibuni wao. Walikitoa Ufaransa, ambako mtayarishaji Armand Jammot aliuanzisha mchezo wa namna hiyo mwaka wa 1965. Wakati huo uliitwa Le mot le plus long, maana yake neno refu kuliko yote. Baadaye ukatiwa hesabu na kupewa jina la Des chiffres et des lettres. Kumbe hata hao tunaotaka kuwaiga waliazima, kisha wakarekebisha!

Washindani ni wawili. Mbele yao kuna marundo mawili ya kadi, moja la irabu na jingine la konsonanti. Mmoja wao huagiza kadi moja moja hadi zitimie tisa. Irabu zisipungue tatu na konsonanti zisipungue nne. Hapo saa inaanza kukimbia, na kila mmoja ana sekunde 30 tu za kutafuta neno refu iwezekanavyo. Mwenye neno refu zaidi ndiye anayepata alama, moja kwa kila herufi. Wakilingana, wote wawili wanapata. Aliyezitumia herufi zote tisa hapewi alama 9 bali 18.

Majina ya watu na miji hayaruhusiwi. Mwamuzi ni kamusi ya Oxford, na pembeni huketi mtaalamu wa kuipekua. Susie Dent, anayejulikana sana kwa kazi hiyo, aliianza mwaka wa 1992. Zipo pia raundi za hesabu, ambapo jibu kamili lina alama 10, na mwishoni kabisa lipo fumbo la neno lililovurugwa, nalo lina alama 10 kwa anayewahi kulifumbua.

Alama 100 za jana si alama 100 za leo

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu, usiogope. Hadi mwaka wa 2001 mchezo ulikuwa na raundi 9: sita za herufi, mbili za hesabu na fumbo moja. Tuseme mshindani hakukosa kitu katika hesabu na fumbo. Hizo ni alama 30. Ili afikishe 100, anahitaji 70 kutoka raundi sita za herufi. Akipata neno la herufi nane kila raundi, atapata 48 tu. Akipata maneno mawili ya herufi tisa na manne ya herufi nane, hiyo ni 36 na 32, yaani 68. Ukijumlisha na zile 30 unapata 98. Bado hajafika! Kwa hiyo, katika mchezo wa zamani, mia moja ilihitaji angalau maneno matatu ya herufi tisa. Hiyo ni kazi ngumu kama kuchota maji kwa pakacha.

Kuanzia Septemba 2001 raundi ziliongezwa zikawa 15: kumi na moja za herufi, tatu za hesabu na fumbo moja. Hesabu na fumbo sasa zina alama 40. Zimebaki 60. Maneno ya herufi sita katika raundi zote kumi na moja yanaleta 66. Mtu amevuka mia bila hata neno moja la herufi tisa! Mwaka wa 2013 mpango ukabadilika tena kidogo, raundi za herufi zikawa kumi na za hesabu nne.

Desemba 2002, Julian Fell alipata alama 146 katika mchezo mmoja. Rekodi hiyo ilidumu miaka mingi. Je, alibebwa tu na raundi nyingi? Hapana. Tumpe haki yake kwa hesabu ile ile. Maneno kumi na moja ya herufi nane ni alama 88. Ongeza 40, unapata 128. Badilisha neno moja liwe la herufi tisa, unapata 138. Basi kufika 146 kulihitaji angalau maneno mawili ya herufi tisa na karibu kutokosa kitu kingine chochote. Huyo ni bingwa, bwana! Ila mtu asije akachukua 146 hizo akamdharau bingwa wa miaka ya themanini aliyepata 98. Wawili hao hawakucheza mchezo mmoja, japo jina la kipindi ni lile lile.

Ushindi mfululizo

Jambo la pili ni misururu ya ushindi. Katika Countdown anayeshinda hubaki kitini kumkabili mpinzani mpya. Lakini akishinda mara nane anapumzishwa, kisha anaitwa tena kwenye fainali za msimu. Kwa hiyo hutasikia ati fulani alishinda mara hamsini mfululizo. Mabingwa wa mara nane hupimwa kwa jumla ya alama zao, maana kwa idadi ya ushindi wote ni sawa.

Linganisha na Jeopardy! ya Marekani, ambayo ni mchezo wa maswali, si wa herufi. Kwa miaka mingi bingwa aliruhusiwa kushinda mara tano tu. Mwaka wa 2003 kikomo hicho kikaondolewa. Mwaka uliofuata, 2004, Ken Jennings akashinda michezo 74 mfululizo. Je, kabla yake Marekani nzima haikuwa na mtu wa kushinda hata mara sita? Walikuwapo bila shaka, ila sheria iliwafungia mlango. Mlango ulipofunguliwa, rekodi ikazaliwa.

Kwetu sisi naunga mkono kikomo. Shule ina wanafunzi wengi, na shindano ambalo mtu mmoja anakalia kiti muhula mzima huwachosha wengine. Na asiseme mtu kwamba Kidato cha Kwanza hawataweza. Conor Travers alikuwa bingwa wa msimu wa Countdown mwaka wa 2006 akiwa na umri wa miaka 14. Mwaka wa 2013 alirudi akashinda mashindano ya kuadhimisha miaka 30 ya kipindi hicho.

Siri ya mabingwa

Wengi wetu hudhani mabingwa hawa wamemeza kamusi nzima. Kusoma kamusi wanasoma, lakini siri kubwa ni kuvijua viungo vya maneno. Kiingereza hupenda kurefusha neno kwa nyuma. Mchezaji akiona E na D, au E na R, au I, N na G, anaviweka kando haraka kama mkia, kisha anatafuta kichwa. Herufi saba A, E, I, N, R, S, T zinatoa retains, retinas na nastier. Hakuna neno geni hapo. Ugeni uko katika mpangilio.

Hili ndilo somo letu la viambishi tunalolilalamikia kila siku darasani! Tofauti ni kwamba Kiswahili hurefusha neno mbele na nyuma. Tazama mwandishi na maandishi. Yote mawili yana herufi tisa, na mzizi wao ni ule ule wa andika. Badilisha W iwe A, upange upya, na mtu amegeuka kazi yake.

Mfano mwingine. Tuseme umechota A, D, H, I, I, M, N, N, S. Asiye na mpango ataona imani, atashukuru Mungu kwa alama zake tano. Aliyetulia ataona dhamini au nishani, herufi saba. Lakini anayejua kwamba jina la mtendaji huanza kwa M na mara nyingi huishia kwa I ataziweka hizo mbili ncha zote mbili, halafu aulize kuna kitenzi gani katikati. Atapata mshindani. Herufi tisa, alama 18!

“Tulipenda” ihesabiwe?

Hapa ndipo penye mgogoro. Kitenzi cha Kiingereza walk kina sura nne: walk, walks, walked, walking. Kitenzi chetu penda, ukichukua nafsi sita na nyakati nne za NA, LI, TA na ME, kina sura 24, na bado hatujatia ukanushi wala yambwa. Tukiruhusu zote, herufi tisa zitakuwa jambo la kila raundi. Alama 18 zitashuka thamani, na rekodi itavunjwa kila Ijumaa hadi tuchoke kupiga makofi.

Wanaolitetea neno “tulipenda” wana hoja yao, nami naiheshimu. Wanasema huandikwa kama neno moja, na kwamba kulikataa ni kukikata Kiswahili kilimi. Lakini ndani yake kuna mtenda, kuna wakati na kuna tendo. Hiyo ni sentensi nzima imevaa kanzu moja. Kwa upande mwingine, tukikataa kila kilichoambikwa, tutakuwa tumefuta hata pendana na pendeza. Rai yangu ni hii:

1. Mwamuzi awe Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Nomino zikubaliwe kwa umoja na wingi. Vitenzi vikubaliwe pamoja na mnyambuliko wake, kama pendea, pendana na pendwa, kwa kuwa kamusi yenyewe huorodhesha minyambuliko.

2. Viambishi vya nafsi na wakati visikubaliwe katika raundi za kawaida. Badala yake tuwe na raundi moja maalumu ya sentensi, ambamo “tulipenda” na ndugu zake watatamba watakavyo. Alama za raundi hiyo ziandikwe katika safu yake peke yake, zisichanganywe na rekodi ya maneno.

3. Kadi zetu zisiige za Kiingereza. Q na X hazina kazi kwetu. C haisimami bila H, basi anayechota C apewe na H papo hapo, zihesabiwe herufi mbili kati ya tisa. Kadi za A ziwe nyingi kuliko za irabu nyingine. Asiyeamini na ahesabu herufi katika ukurasa mmoja wa kitabu chochote cha Kiswahili.

4. Bingwa apumzike baada ya kushinda mara tano. Na kila rekodi iandikwe pamoja na idadi ya raundi na mwaka, ili wadogo zetu wasije wakatupima kwa mizani ambayo hatukupimiwa.

Zoezi

Jaribu haya kwa sekunde 30, bila kuangalia majibu. Jirani yako ashike saa.

(a) N, D, A, H, I, M, S, I, A
(b) J, U, A, M, G, C, N, I, H

Majibu: (a) Inamisha na adimisha zina herufi nane kila moja. Ukipata maandishi umemaliza zote tisa, na kwa kweli nilikwisha kukupa dokezo. (b) Chunga ni herufi sita, chungia ni saba, na mchungaji ni tisa. Umeona M mbele na I nyuma?

Tamati

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumezunguka Ufaransa, Uingereza na Marekani, na sasa tunarudi kwenye chumba chetu cha chama. Mkutano ujao tupige kura juu ya kanuni hizi nne, kanuni kwa kanuni. Anayepinga aje na mfano wa neno, asije na kelele. Kombe litakaloletwa Julai 7 ni moja, na litakuwa la kwanza. Wote watakaofuata watapimwa nalo, kwa hiyo tuliwekee msingi kabla hatujalishindania.