SOMO LA WIKI: Fundi aliyepunguzwa kazini na hesabu ya kurudi kujitegemea

Mwezi Machi na Aprili 2020, safari za ndege za kimataifa ziliposimama kwa sababu ya maradhi ya korona, hoteli nyingi za Unguja zilifunga milango na kupunguza wafanyakazi. Miongoni mwao walikuwamo waashi, maseremala, mafundi bomba na mafundi rangi wa idara za matengenezo. Baadhi yao hawakuwa wageni wa kujitegemea, kwani kabla ya kuajiriwa walikuwa wakichukua kazi zao wenyewe Mji Mkongwe, Ng'ambo na shamba.

Utalii umerudi, lakini somo la mwaka ule halijapitwa na wakati. Fundi anayerudi mtaani hukuta wateja wake wa zamani wameshapata mafundi wengine na bei za vifaa si zile alizoziacha. Mkononi ana ujuzi, jina na kiinua mgongo. Mara nyingi kinachomwangusha si ujuzi, ni hesabu.

Bei ya siku moja

Kosa la kwanza ni kugeuza mshahara wa zamani kuwa bei ya kazi. Tuchukue mfano wa mwashi aliyekuwa akilipwa Sh. 300,000 kwa mwezi kwa siku 26 za kazi. Akigawa, anapata kama Sh. 11,500 kwa siku, na akitoza Sh. 12,000 huona amepata faida.

Hata hivyo, fundi wa kujitegemea halipwi siku zote. Kati ya siku 312 za mwaka, aondoe siku 32 za mvua, 20 za sikukuu na ugonjwa, na 60 za kukagua kazi, kuandika makisio na kufuatilia malipo. Zinabaki siku 200 za kuingiza fedha. Siku hizo 200 zinapaswa kulipia mambo yafuatayo kwa mwaka:

Pato la nyumbani: Sh. 3,600,000
Zana na matengenezo yake: Sh. 400,000
Nauli na simu: Sh. 360,000
Akiba na mchango wa uzeeni: Sh. 440,000
Jumla: Sh. 4,800,000

Jumla hiyo ikigawanywa kwa siku 200 inatoa Sh. 24,000 kwa siku, yaani mara mbili ya bei aliyodhani ina faida. Anayetoza Sh. 12,000 anakula zana zake na uzee wake bila kujua. Tarakimu hizi ni za mfano, na kila fundi aweke zake, lakini njia ya kukokotoa ni hiyo hiyo. Mchango wa uzeeni usidharauliwe, kwa kuwa mwajiri hayupo tena wa kuukata, na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) una mpango wa hiari kwa wasioajiriwa.

Kiinua mgongo si mtaji wa mteja

Kosa la pili ni kununua vifaa vya mteja kwa fedha ya kiinua mgongo. Fundi mwenye Sh. 1,800,000 akichukua kazi mbili, kila moja ikihitaji vifaa vya Sh. 800,000, anabaki na Sh. 200,000. Saidia fundi anataka ujira wake mwisho wa wiki, nyumbani wanataka kula, na mwenye nyumba anasema atalipa kazi ikiisha. Akichelewa mwezi mmoja tu, fundi anaingia katika mkopo wa duka la vifaa. Fundi huyu ana kazi mbili lakini amefilisika.

Dawa ni kugawa malipo kwa hatua. Mwenye nyumba anunue vifaa mwenyewe kwa orodha ya fundi, au atoe arbuni inayotosha vifaa. Ujira ulipwe, kwa mfano, asilimia 40 mwanzo, 40 katikati na 20 baada ya kukabidhi. Makubaliano yaandikwe, hata kama mteja ni jamaa au jirani. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mji Mkongwe una masharti yake

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Ukarabati unahitaji kibali, na kazi iliyoanzishwa bila kibali inaweza kusimamishwa huku vibarua wakiwa wamekwisha kulipwa. Aidha, fundi aulize nyumba ni ya nani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali, nyingine ni za wakfu na nyingine za watu binafsi. Mpangaji anaweza kuagiza kazi asiyokuwa na idhini ya kuiagiza.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Lipu ya chokaa huacha ukuta upumue. Ya saruji huzuia unyevu ndani, chumvi hutoka, lipu hubanduka na vichwa vya boriti huoza. Mafundi wa saruji ni wengi kila mtaa, kwa hiyo anayejua chokaa ana soko lake. Lakini chokaa iliyozimwa hutaka muda wa kukaa, na kila mkono wa lipu hutaka kukauka kabla ya mwingine. Siku zikiongezeka, bei iongezeke na hatua za malipo zifuate.

Uzembe katika majengo haya una gharama kubwa kuliko fedha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili walifariki. Egemeo na jukwaa imara ni gharama za kuandikwa katika makisio, si za kupunguza ili kupata kazi.

Kalenda ya kazi

Aprili na Mei, wakati wa masika, wageni hupungua na baadhi ya hoteli za pwani hufunga kwa matengenezo. Huo ni wakati wa kazi za ndani: mabomba, milango, vyoo na rangi. Lipu ya nje isubiri Juni hadi Septemba, au kiangazi cha Januari na Februari. Miezi hiyo hoteli huwa na wageni na hazitaki vumbi, kwa hiyo fundi ageukie nyumba za watu. Anayepanga hivi hupunguza siku za kukaa bure.

Kwa wenye maduka ya vifaa, hapa pana kipimo cha nani akopeshwe. Kabla ya kutoa mifuko ya saruji au magunia ya chokaa, ni busara kuuliza maswali matatu: mkataba upo, arbuni imelipwa, kibali kimetoka? Fundi mwenye majibu matatu ana uwezekano mkubwa wa kulipa. Asiye nayo, hata akiwa hodari wa mwiko na timazi, anaomba duka limbebee hatari ya mteja wake.