Gitaa Jipya na Mfuko Mmoja

Kwa ninyi mlio katika ndoa, huku Marachi na hata Busia na Malaba, somo letu linahusu jambo linaloonekana dogo, lakini linaweza kuwalaza watu wawili migongo ikitazamana. Mume ni mpiga besi. Anataka gitaa jipya la bei kubwa. Mke anasema hapana. Je, linunuliwe?

Labda kwenu si gitaa. Labda ni pikipiki, au mke ndiye anayetaka cherehani mpya. Fuata tu somo hili, nawe utaona linakuhusu.

Muziki si adui wa nyumba

Tuanze kwa haki. Kipaji ni zawadi ya Mungu, na Maandiko yanatuonyesha Daudi akimtuliza mfalme Sauli kwa kinubi. Katika benga na rumba, besi ndiyo inayoshika mwendo. Ikinyamaza, mchezaji hajui mguu auweke wapi. Mtu anayeipiga vizuri anatumikia wengine.

Basi, mama, usiseme kwa haraka kwamba gitaa ni pombe na wanawake. Ukimdharau mumeo mbele ya watoto, utamfundisha kukuficha mambo. Nawe, baba, usiseme mkeo haelewi muziki. Huenda anauelewa. Lakini anaelewa pia kwamba unga umebaki gorogoro moja, na shule zinafunguliwa Januari.

Pesa za miwa ni za nani?

Kwetu, kishawishi cha kununua kitu kikubwa huja mara nyingi pamoja na malipo ya miwa. Muwa hukaa shambani yapata mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa. Muda huo wote mke amepalilia, na watoto wamevaa viatu vya mwaka jana kwa ahadi kwamba miwa italipa. Siku pesa zinapoingia, zinaingia kwa jina la mtu mmoja. Hapo ni rahisi kusema, "Pesa zangu."

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu nyumba ya ndoa, vyombo vya nyumbani na mali mliyoipata na kuimiliki pamoja kuwa mali ya ndoa, na hairuhusu mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Lakini nyumba inayohitaji kusomewa sheria ndipo ishirikiane imekwisha kupungukiwa na kitu. Siku ya arusi mliahidiana maisha yote, na mfuko umo ndani ya maisha hayo.

Keti kwanza, uhesabu

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, jinsi inavyompasa kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kuanza. Nasi tuketi.

Tuseme, kwa mfano tu, gitaa jipya ni shilingi 60,000. Besi bila amplifaya haisikiki, kwa hiyo ongeza 25,000. Mfuko wa kulibebea, waya na nyuzi za akiba ni 5,000. Jumla ni 90,000. Mume hupiga mara mbili kwa mwezi, kwenye arusi au matanga, na hulipwa 1,500 kila mara. Anasema, "Hiyo ni 3,000 kwa mwezi. Gitaa litajilipa kwa miaka miwili na nusu."

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Hizo 3,000 anazipata hata sasa, kwa gitaa la kukodi! Ukitaka kujua faida ya kununua, hesabu tofauti ambayo gitaa jipya litaleta. Ikiwa hukodi gitaa na amplifaya kwa 500 kila mara, basi akinunua ataokoa 1,000 kwa mwezi. Gawanya 90,000 kwa 1,000: utapata miezi 90, yaani miaka saba na nusu. Lakini akipata gitaa lililotumika kwa 25,000, na kundi lina amplifaya, huku kukodi gitaa peke yake kukimgharimu 400, ataokoa 800 kwa mwezi, nalo litajilipa kwa miezi 32.

Hesabu haiamui kila kitu. Kuna furaha isiyopimwa kwa shilingi. Lakini mwenye kununua furaha aseme wazi kwamba ananunua furaha, asiiite biashara.

Gitaa la zamani likaguliwe vizuri. Litazame shingo kutoka upande wa kichwa, uone kama imepinda. Bonyeza kila uzi katika kila kituo, usikilize kama unakwaruza. Zungusha vifundo vya sauti huku limeunganishwa. Nyuzi zilizochakaa hubadilishwa. Shingo iliyopinda kidogo mara nyingi hunyooshwa na fundi kwa kukaza chuma kilichomo ndani yake. Shingo iliyopasuka, liache.

Ng'ambo ya mpaka

Mwingine atasema, "Nitalipata rahisi upande wa Uganda." Kweli, tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi Busia mwaka 2018, kuvuka kumekuwa kwepesi. Lakini ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, ni kwa vitu vilivyotoka katika nchi za Afrika Mashariki. Gitaa lililoundwa ng'ambo ya bahari halimo. Muulize afisa wa forodha kabla ya kulipa, uongeze ushuru katika hesabu yako. Kulipitisha kwa njia za panya ili ukampigie Mungu sifa ni kujidanganya.

"Ni la kanisa"

Wako pia wanaosema, "Mama watoto, hili ni la kwaya." Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliruhusu vyombo mbalimbali katika ibada, mradi vifae kwa matumizi matakatifu na wenye mamlaka katika Kanisa wavikubali. Basi zungumza kwanza na padre na viongozi wa kwaya. Huenda parokia haihitaji besi, au iko tayari kuchanga. Sadaka iliyotolewa kwa siri kutoka karo ya mtoto si sadaka yako. Ni ya mtoto.

Mfanye nini?

Kwanza, toeni karo, chakula, matibabu na madeni. Gitaa lishindanie kilichobaki, si kilicho mbele.

Pili, subirini miezi mitatu. Katika muda huo mume akodi, na waandike daftarini kila shilingi inayoingia na kutoka. Daftari likae mahali ambapo wote wawili wanalifikia.

Tatu, ikiwa nyumba ina nafasi ya tamanio la mume, ulizeni kama ina nafasi ya tamanio la mke. Mfuko mmoja hauwezi kuwa na ndoto za mtu mmoja.

Nne, mkikubaliana, nunueni kwa amani, na mke asilikumbushe gitaa hilo kila sukari inapokwisha. Mkikataa, wekeni tarehe ya kulizungumza tena, ili "hapana" isiwe mlango uliofungwa kwa kufuli.

Maswali ya kuzungumza wawili jioni

1. Je, kuna kitu nilichonunua nikakuficha bei yake?
2. Malipo makubwa ya mwisho tuliyoyapata yalikwenda wapi, na nani aliamua?
3. Kipaji cha mwenzangu ni kipi, na mimi nimekisaidiaje?

Wapendwa, gitaa likivunjika hununuliwa jingine. Imani ya mwenzako ikivunjika, hakuna duka Busia wala Kampala linaloiuza. Tumwombe Mungu atupe nyumba ambamo hesabu ziko wazi, na nyimbo zinasikika bila mtu kununa jikoni.