Bastola Ndogo, Dhamana Kubwa: Somo Kutoka Uwanja wa Shabaha

Somo la toleo hili limetokana na swali tuliloulizwa katika baraza la kijiji. Mfanyabiashara mmoja, ambaye kila jioni hurudi nyumbani na fedha za mauzo, alisimama akasema: "Afande, nyinyi mna bunduki. Mimi nina duka na watoto. Kwa nini nisitafute kabastola kadogo, nikakaweka chini ya mto, nikapata usingizi?" Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Siku ile nilimjibu kwa vifungu vya sheria, nikaona wazi kwamba jibu langu halikumtosha. Leo namjibu kwa yaliyonipata mimi mwenyewe.

Katika miaka yangu yote ya utumishi, silaha niliyoizoea ni bunduki ndefu aina ya AK-47. Bastola ndogo sikuwahi kuipiga mpaka nilipoitwa mafunzoni katika uwanja wa shabaha viungani mwa Jinja. Nilitoka Mbale alfajiri kwa barabara ya Tirinyi, nikiwa na majivuno moyoni. Nilijiambia kwamba aliyezoea kubeba gogo hawezi kushindwa na fimbo.

Mkufunzi wetu alikuwa sajini wa kike, mtu wa maneno machache. Kabla ya kutukabidhi risasi hata moja, alitukaririsha kanuni 4. Ya kwanza, kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi. Ya pili, mtutu usielekezwe kamwe kwa kitu usichokusudia kukipiga. Ya tatu, kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka uwe umelenga na kuamua. Ya nne, ujue unachokilenga na kilicho nyuma yake.

Somo la kwanza: udogo si urahisi

Nilipiga risasi 10 kwa masafa ya mita 15. Zilizogusa karatasi zilikuwa 3. Mkufunzi alinieleza sababu kwa hesabu. Katika AK-47, umbali kati ya alama ya kulengea ya nyuma na ile ya mbele ni karibu sentimita 38. Katika bastola ndogo ni kama sentimita 15 tu. Alama ya mbele ikiyumba milimita 1, risasi ya bunduki ndefu hukosea kwa sentimita 4 hivi katika masafa yale, na ya bastola hukosea kwa sentimita 10. Isitoshe, bunduki ndefu huegemea bega, ilhali bastola hushikwa kwa mikono mitupu, na kila inapolia hurusha mkono juu.

Tena ule ulikuwa mchana mweupe, na karatasi haikimbii. Mfikirie sasa mtu aliyezinduka usingizini, gizani, moyo ukimdunda. Risasi ya milimita 9 hupenya ukuta wa mabati bila shida, na ikikosa kizuizi huweza kuruka zaidi ya kilomita 1. Nyuma ya mwizi kuna nyumba ya jirani, na ndani yake wamelala watoto.

Somo la pili: mtutu mfupi hugeuka upesi

Baada ya zamu ya pili niliamini kwamba nimemaliza. Nilichomoa magazini, kisha nikageuka kumwuliza mkufunzi jambo, bastola ikiwa mkononi. Bunduki ndefu huwezi kuigeuza bila wewe mwenyewe kujua. Bastola ndogo hugeuka pamoja na kifundo cha mkono. Mkufunzi alinidaka mkono, akauelekeza upande wa shabaha, akavuta nyuma sehemu ya juu ya bastola. Risasi moja ikaruka kutoka chemba, ikaanguka mchangani.

Hakunikemea. Aliiokota, akaniwekea kiganjani, akasema: "Hii ilikuwa yangu, afande."

Ndugu msomaji, likumbuke jambo hili daima: kuchomoa magazini hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia katika chemba. Ikiwa askari wa miaka mingi, mchana, mbele ya mkufunzi, amesahau, mtoto anayeikuta bastola chini ya mto wa baba yake atakumbushwa na nani?

Somo la tatu: silaha na mpaka

Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inakataza mtu kununua au kumiliki silaha pasipo cheti halali, na kila silaha huwa na cheti chake. Cheti hicho hakivuki daraja la Malaba wala la Lwakhakha: ng'ambo ya pili kuna sheria ya Kenya na bodi yake ya leseni. Aidha, nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, zikakubaliana kuzitia silaha alama na kuziandikisha ili ijulikane kila moja imetoka wapi. Bastola inayouzwa kwa kunong'ona njia za panya haina cheti, na huenda imekwisha kumwaga damu. Anayeinunua hununua pamoja nayo kesi asiyoijua.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka na ghala la silaha la kambi ya Moroto likaachwa wazi. Bunduki zilizotoka humo ziligeuza wizi wa mifugo kuwa vita. Kazi ya kuzikusanya silaha Karamoja ilianza mwaka 2001, na mwaka 2021 ilibidi operesheni ianzwe upya. Silaha hutoka ghalani kwa siku moja. Kurudi kwake huchukua umri wa mtu.

Nini kifanyike?

Ukiikuta silaha au risasi shambani, mtoni au nyumbani, usiiguse, hata kama magazini haimo. Wazuie watoto, kumbuka mahali ilipo, kisha umjulishe mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu, au upige simu ya bure 999. Aliye na silaha isiyo halali naye asiibebe njiani peke yake. Atangulize taarifa, afuatwe alipo.

Kwa ndugu yetu mwenye duka: fedha usizibebe saa ileile na njia ileile kila siku. Ziweke kwa wakala wa fedha za simu kabla ya giza. Funga duka pamoja na jirani zako, mwashe taa, mpeane namba za simu. Tuelezeni mnapofunga, ili doria ipite saa hiyo. Doria ikichelewa, tuulizeni barazani. Ni haki yenu.

Jioni ile, kabla ya kuondoka Jinja, niliirudisha risasi yangu kwa mtunza ghala. Alizihesabu zilizobaki, akayahesabu maganda, akaandika daftarini. Hesabu isipotimia, hakuna anayetoka uwanjani. Hivyo ndivyo silaha inavyotunzwa: kwa ghala, kwa daftari, na kwa jicho la mwenzako. Chini ya mto hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Maswali ya kujadili barazani

1. Kwa nini bastola iliyochomolewa magazini bado ni hatari?
2. Mtoto akikuletea risasi aliyoiokota shambani, utamwambia nini na utafanya nini?
3. Wafanyabiashara wa soko lenu wanaweza kupatana nini na polisi kuhusu saa za kufunga?