Magazini za Sten na Thompson

SWALI: Kwenye picha ya marehemu babu, askari wa Keya (King's African Rifles) aliyepigana Burma, rashasha yake fupi ina magazini ubavuni, ya mwenzake iko chini. Je, waliweza kuazimana? – Msomaji, Kiomboi, Singida

JIBU: Hapana, hata risasi zenyewe hazikulingana. Ya ubavuni, kushoto, bila shaka ni Sten ya Uingereza, ya milimita 9. Ya chini huenda ni Thompson ya Marekani, ya milimita 11.43, bunduki nzito na ghali.

Magazini ya Sten ilichukua risasi 32, lakini mzoefu alitia 30 au pungufu. Risasi zilipangwa safu mbili, kisha zikabanwa kuwa moja mdomoni. Uchafu kidogo tu, au mdomo ukipinda, zinakwama. Hebu fikiria tope la bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikisonga kuelekea mto Chindwin katikati ya masika! Thompson ililisha kutoka safu zote mbili, risasi 20 au 30. Ile ya duara ya risasi 50, ipendwayo na watengeneza filamu, ilikuwa nzito na ilicheza kwa kelele porini.