Damu ya kichanga inasema nini?

Swali: Mjukuu wangu wa siku mbili aligoma kunyonya. Daktari alipima damu, akasema "uwiano umepanda", akamwanzishia sindano kabla majibu mengine hayajatoka. Kwa nini haraka hivyo?

Jibu: Pole sana, bibi. Maambukizi yakiingia, uboho humwaga kwenye damu neutrofili changa, askari wasiokomaa. Uwiano ni sehemu ya hizo changa kati ya neutrofili zote; ukifika 0.2, yaani moja kati ya tano, tunashuku maambukizi. Uchungu mrefu wa kuzaa nao huweza kuupandisha uwiano huo, kwa hiyo peke yake hauthibitishi. Ukiwa chini ndipo hututuliza zaidi. Majibu mengine, ya kuotesha vijidudu, huchukua saa 24 hadi 48, na kichanga hawezi kungoja: sindano za ampisilini na jentamaisini huanza mara moja. Akigoma tena kunyonya, akipoa mwili au akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mrudisheni hospitali, hata usiku wa manane.