Oili ya bei poa iliyokula mtaji wangu wa Januari

Somo la leo ni la sisi tunaouza mtandaoni na kupeleka mzigo wenyewe kwa vigari vyetu vya zamani: IST, Vitz, Starlet, Passo, Probox. Kama unatumia pikipiki usiondoke, kipengele chako kipo huko chini.

Mimi nipo Nyakahanga, Karagwe. Nauza masweta na sare za shule. Oda zinaingia WhatsApp, mchana napeleka Kayanga na Omurushaka, na siku za oda nyingi nafika mpaka Nkwenda, upande wa Kyerwa. Mzigo mkubwa naufuata Bukoba. Gari langu ni IST ya mwaka 2004, otomatiki, injini ya 1NZ ya lita 1.5. Hilo gari ndilo duka langu. Likilala, na mimi nimelala.

Sasa sikia kilichonipata.

Desemba moja fundi wangu aliniambia oili ya gia boksi imekuwa nyeusi, inatakiwa kubadilishwa. Nikaingia mtandaoni kutafuta bei. Nikakuta posti: oili ya gia boksi otomatiki, nyekundu, lita 4, bei poa. Nikauliza swali moja tu, "Inafaa IST?" Nikajibiwa, "Inafaa gari zote dada." Nikalipa siku hiyohiyo, nikajiona mjanja. Fundi wangu alikuwa safarini, nikawekewa na kijana mwingine. Hakuna aliyesoma chupa, si yeye wala mimi.

Januari, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, niko mlimani na masweta 60 ya wateja. Injini inalia, gari halipandi. Nakanyaga mafuta, kelele inaongezeka, gari lipo palepale. Nikavutwa mpaka gereji.

Fundi wangu akachomoa kijiti cha gia boksi, akanusa: oili imeungua. Akaniomba chupa iliyobaki. Imeandikwa Dexron III. Kisha akafuta kile kijiti kwa kitambaa, akanionyesha maandishi yaliyogongwa pale pale kwenye chuma: T-IV. "Dada, gari lako limeandika lenyewe linachotaka. Hii gia boksi ilikuwa imeanza kuchoka, sikudanganyi. Ila hii oili ndiyo imeimalizia."

Gia boksi ya kuokoteza pamoja na ufundi vilikula laki nane. Hiyo ilikuwa hela ya mzigo wangu wa pili wa masweta. Nikarudisha advansi za wateja 11, na baadhi yao mpaka leo hawajarudi. Ndiyo maana naandika somo hili, wewe usilipe ada niliyolipa mimi.

1. OILI YA INJINI: SOMA NAMBA, SOMA HERUFI

Kwenye galoni utaona namba kama 5W-30, 10W-30 au 20W-50. Hizo zinaeleza wepesi na uzito wa oili. Namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi: ikiwa ndogo, oili inafika juu haraka ukiwasha asubuhi. Namba ya mwisho ni uzito wake injini ikishapata moto.

Toyota nyingi ndogo za miaka ya 2000, zikiwamo zenye 1NZ, zilitengenezewa 5W-30, na 10W-30 pia inakubalika. Kuna usemi wa gereji kwamba gari la zamani lazima liwekwe 20W-50. Jiulize kwanza: gari lako linakula oili? Linavujisha? Linatoa moshi wa bluu? Kama hapana, baki na uzito wa kiwandani. Sisi wa Karagwe asubuhi zetu ni za baridi, na oili nzito inachelewa kupanda wakati ule ambao injini inaihitaji kuliko wakati wowote. Kama injini imechoka kweli na inakula oili, hapo ongea na fundi kuhusu 10W-40 au 15W-40. Ila jua hiyo ni kumsaidia mgonjwa atembee, ugonjwa bado upo.

Halafu tafuta herufi za API. Zinazoanza na S ni za injini ya petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Herufi ya pili ikisogea mbele kwenye alfabeti, kiwango ni kipya zaidi: SL, SM, SN, SP. Oili ya petroli ya kiwango kipya unaweza kuiweka kwenye gari la zamani. Kinyume chake hapana. SF, kwa mfano, ni kiwango cha magari ya mwaka 1988 kurudi nyuma, na bado utaikuta inauzwa kwa bei ya kuvutia. IST ya 2004 haihusiki nayo.

Kiasi je? Injini ya 1NZ inachukua takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta. Ukinunua galoni ya lita 4 usimimine yote kwa kuona hasara. Inayobaki tunza, ni ya kuongezea. Oili ikizidi alama ya juu nayo ni tatizo.

Pima kila wiki: gari liwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kama tano au zaidi, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Iwe katikati ya alama mbili. Mimi namwaga oili kila kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia, na filta mpya kila mara. Safari zetu ni fupi fupi, zina vumbi na milima, kwa hiyo siongezi hata kama oili inaonekana safi.

2. OILI YA GIA BOKSI: RANGI SI JINA

Hapa ndipo nilipoangukia. Dexron III ni nyekundu, T-IV ni nyekundu, lakini viungo vyake vya msuguano havifanani. Ndani ya gia boksi otomatiki kuna sahani za klachi zinazoshikana zikiwa ndani ya oili. Isiyo yake inazifanya zishike vibaya au ziteleze, zinapata moto, zinaungua.

Kama gari lako ni la CVT, hilo lina oili yake ya CVT. Usikubali kuwekewa ATF ya kawaida, hata kidogo, hata ya "kusogezea tu". Na gia boksi ya manyo ina oili yake pia. Tazama kijiti au kitabu cha gari. Kitabu kikiwa cha Kijapani usikate tamaa, maandishi kama T-IV na 5W-30 yanasomeka hivyohivyo.

Ujue pia kwamba ukifungua nati ya chini inatoka sehemu tu ya oili, nyingine inabaki ndani ya konveta. Ndiyo maana hata baada ya kugundua kosa mapema, kumwaga mara moja hakuondoi yote.

3. MAJI YA REJETA

Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi. Yanaacha ukoko na kutu ndani ya rejeta, na njia za maji zinaziba taratibu. Weka kulanti. Ukinunua ya kuchanganya, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri, ndiyo kipimo cha kawaida.

Sisi tuna sababu ya ziada. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji matupu huchemka kwenye takriban nyuzi 95, si 100. Kulanti, pamoja na mfuniko wa rejeta unaobana vizuri, ndivyo vinavyopandisha hicho kiwango. Mfuniko uliolegea ni kitu kidogo, ila unaweza kukuunguzia gasketi ya silinda hedi. Na usiufungue injini ikiwa ya moto, utaungua uso.

4. MAFUTA YA BREKI

Soma mfuniko wa kikopo chake chini ya boneti. Kwenye vigari vyetu mara nyingi ni DOT 3. Mafuta haya yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya haichemki mpaka ifike angalau nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Sasa fikiria unashuka mlima mrefu na mzigo, mguu uko kwenye breki muda wote: yakichemka, pedali inazama na gari halisimami. Badilisha kila miaka miwili. Chupa iliyokaa wazi gereji miezi kadhaa, ikatae.

5. HAIDROLIKI YA USUKANI

IST na Probox zinatumia usukani wa umeme, hazina mafuta hayo. Mtu akikuandikia haidroliki kwenye bili ya IST, muulize anaimimina wapi. Starlet na Corolla za zamani zenye pawa stering ndizo zenye kikopo chake. Huko soma mfuniko.

6. WENYE PIKIPIKI

Pikipiki nyingi klachi yake inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA. Oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano inaweza kufanya klachi iteleze. Ni kosa lilelile langu, kwenye chombo kingine.

7. KUNUNUA

Angalia alama ya TBS, sili isiyoguswa na lebo isiyochubuka. Dai risiti, kwa sababu bila risiti huna pa kuanzia ukiuziwa bandia. Kuwa na mashaka na bei iliyo chini sana kuliko maduka mengine yote. Na galoni zako tupu zitoboe kabla ya kutupa, zisije zikajazwa oili chafu na kumrudia mwenzako. Oili iliyomwagwa usiipeleke kwenye migomba. Iache kwa fundi anayeikusanya.

HESABU YA MFANYABIASHARA

Tuseme oili elfu 50, filta elfu 10, fundi elfu 10. Jumla elfu 70 kwa kilomita 5,000, sawa na shilingi 14 kwa kilomita. Tuseme tena oili ya gia boksi, kulanti na mafuta ya breki vinakula laki 1 na elfu 80 kila kilomita 30,000, hiyo ni shilingi 6 kwa kilomita. Jumla ni shilingi 20. Weka bei za kwako, njia ni ileile.

Safari ya kilomita 60 kwenda na kurudi ni shilingi 1,200. Ukiwa na vifurushi 6, ni shilingi 200 kwa kila kifurushi. Mia mbili! Mimi sikuwa naihesabu. Nilikuwa natoza mteja petroli tu, ya oili naitafuta kwa shida siku ya sevisi, ndiyo maana nikakimbilia bei poa. Siku hizi kila kifurushi kinachotoka, mia mbili inaingia kwenye laini ya pembeni ambayo siigusi. Siku ya kumwaga oili nanunua inayotakiwa, sinunui inayowezekana.

NA SISI WAUZAJI TUJITAZAME

Yule aliyeniuzia sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Aliandika rangi na bei, hakuandika kitu ni nini. Alipoulizwa akajibu "inafaa zote" kwa sababu jibu hilo linafunga biashara haraka. Nilipopoa hasira nikaenda kusoma posti zangu mwenyewe. Nikakuta nimeandika: "Masweta ya shule, saizi zote, bei nafuu." Nikaona aibu.

Sasa naandika upana wa kifua kwa sentimita, urefu, aina ya uzi, na kama linachuja rangi. Mama akiniuliza, "Litamtosha wa darasa la tatu?" simjibu ndiyo. Namwomba apime sweta analolivaa mtoto sasa hivi. Inachukua dakika tano zaidi, ila masweta yanayorudishwa yamepungua sana.

KAZI YA LEO: kabla hujawasha gari kesho, fungua boneti. Soma kijiti cha gia boksi kama gari lako linacho, mfuniko wa oili na kikopo cha breki. Piga picha, ihifadhi kwenye simu. Ukifika dukani usiseme "nipe oili ya IST", onyesha picha. Halafu fungua ukurasa wako, tafuta posti moja uliyoandika "inafaa wote", uirekebishe.

Ukimaliza tuandikie hapa chini gari lako linataka nini. Kuna mwenzako mwenye gari kama lako anayekaribia kununua ya bei poa.