Somo la Kumi na Mbili: Deni la Machimboni

Sisi watu wa Kiloleli ni wakulima na wafugaji. Tunalima pamba, mahindi, mtama na viazi vitamu. Lakini katika mkoa wetu wa Simiyu dhahabu nayo ipo, na vijana wetu wanaifuata. Wengine wanakwenda wilayani Bariadi. Wengine wanakwenda mbali zaidi, Kahama na Geita. Leo tutasoma habari za kazi hiyo, na habari za watu wanaoitumia kuwafunga wenzao.

Jumamosi tarehe 13 Januari 2024, mgodi mdogo wa Ng'alita, wilayani Bariadi, ulititia. Mvua kubwa zilikuwa zimenyesha na udongo ulikuwa umelowa. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa waliofukiwa ni watu 19 au 20. Walipofukuliwa, ilipatikana miili 22. Umri wao ulikuwa kati ya miaka 24 na 38.

Dhahabu ilikuwa imeonekana mahali pale majuma mawili au matatu tu kabla ya ajali. Ofisa madini wa mkoa alikuwa amefika na kuwazuia watu wasichimbe mpaka usalama wa mahali pale ukaguliwe. Hata hivyo waliingia.

Ni rahisi kuwalaumu marehemu. Lakini tukumbuke mwezi wa Januari kwetu ni mwezi gani. Pamba bado ni changa, inapaliliwa. Fedha za pamba ya mwaka uliopita zimekwisha. Ghala limepungua. Shule zinafunguliwa, na watoto wanataka sare na madaftari. Mtu mwenye shida hizo akisikia kuwa dhahabu imeonekana, hamngoji mkaguzi.

Uchimbaji haramu ni kuchimba bila leseni, au kuchimba mahali palipokatazwa. Leseni hutolewa na Tume ya Madini. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania tu, na hata kikundi cha wanakijiji kinaweza kuiomba. Watu wengi hudhani leseni ni karatasi ya kulipia kodi tu. Sivyo. Mahali penye leseni pana mtu anayejulikana. Shimo likititia, yeye ndiye anayeulizwa. Mchimbaji akidhulumiwa, yeye ndiye anayeulizwa. Kwenye shimo la wizi, ni nani wa kuulizwa?

Sasa tuangalie deni. Machimboni shimo huitwa duara. Kuna mfadhili, yaani mtu anayetoa fedha za chakula na vifaa. Wachimbaji hawapati mshahara wa mwezi. Wanapata mgawo wa mawe. Mawe yasipokuwa na dhahabu, mgawo wao ni mawe tu.

Tupige hesabu ya mfano. Kijana ameletwa kwa nauli ya shilingi 25,000. Amepewa tochi na viatu vya shilingi 35,000. Chakula anaandikiwa shilingi 4,000 kila siku. Baada ya siku 60, chakula peke yake ni shilingi 240,000. Jumla anadaiwa shilingi 300,000. Mawe yake yakasagwa, yakaoshwa, akapata shilingi 180,000. Zote zinachukuliwa, na bado anadaiwa shilingi 120,000. Akikaa siku 30 nyingine bila kupata kitu, deni linafika shilingi 240,000.

Kijana huyo akisema anataka kurudi nyumbani kulima, anaambiwa, "Lipa kwanza." Simu yake imechukuliwa. Daftari la deni analishika mfadhili, na kijana hajawahi kulisoma. Hapo si kazi tena, ni kifungo. Kudaiwa si kosa la jinai. Kumzuia mtu asiondoke mpaka alipe kwa jasho lake ndilo kosa. Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza kazi ya shuruti. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamfuata anayemchukua mtu ili akamtumikishe hivyo.

Msafirishaji wa watu haji na kamba. Huja na salamu njema. "Shikamoo mzee. Kijana wako ana nguvu. Nipe mimi, mwakani atakuletea ng'ombe." Au humwambia mama, "Binti atapika tu kwa mama lishe machimboni, kazi nyepesi." Huyo mtu mara nyingi ni jamaa au jirani, na ndiyo maana tunamwamini. Binti akifika anakuta kazi nyingine ya aibu, na hana nauli ya kurudi.

Kwa watoto sheria haina mjadala. Mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mgodini, hata kama baba yake amekubali. Mtoto machimboni hushika zebaki kwa mikono mitupu, na moshi wake ukichomwa humwingia mwilini. Zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Dalili yake moja ni mikono kutetemeka.

Mambo haya hayakuanza leo. Wakati wa ukoloni, mawakala walikuja huku bara kuchukua wanaume wa kukata mkonge mkoani Tanga. Kila mmoja alipewa namba, nao wakaitwa manamba. Wakala wa manamba alikuwa na ofisi na mkataba. Wakala wa leo ana simu tu, na namba yake haipatikani siku ya shida.

Wala si kwetu peke yetu. Jirani zetu wa Kongo, huko Kolwezi, huchimba kobalti kwa mikono, na watoto wameonekana wakiibeba. Kobalti hiyo huingia katika betri za simu, pengine hata ya kwako. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa katika kazi ya kulazimishwa.

Mtoto akichukuliwa, piga simu namba 116. Ni bure. Kituo cha polisi nacho kina dawati la jinsia na watoto. Na kabla kijana hajaondoka, mwandike katika daftari lako: jina la anayemchukua, namba yake ya simu, mahali wanapokwenda, na tarehe. Wewe sasa unajua kuandika.

Maswali ya kujadili darasani

Kwa nini wachimbaji wa Ng'alita waliingia ingawa walizuiwa?

Katika hesabu yetu, kama chakula kingekuwa shilingi 3,000 kwa siku, kijana angedaiwa kiasi gani baada ya siku 60?

Kijana anayekwenda machimboni angeshika daftari lake mwenyewe la deni, angeandika nini kila jioni?

Ni nani katika kijiji chetu aliyeondoka na wakala, na habari zake za mwisho zilifika lini?